Dirisha la Fahali Mweusi

Juzi nilikuwa kwa muuza nyama, nimesimama kwenye foleni ya utumbo, bwana mmoja mwenye kofia mpya akatangaza kwamba Jabez Ormerod alikuwa meneja wa bahati tu. Eti enzi zile mpira ulikuwa rahisi. Nikaweka kapu langu chini. Mimi nina mdomo, Hadderclough nzima inalijua hilo, na siku hiyo niliutumia.

"Bahati ipi hiyo, baba?" nikamuuliza. "Ulikuwepo?"

Akasema hakuwepo, alihadithiwa. Nikamwambia basi leo utahadithiwa na mtu aliyekuwepo, na utumbo wangu utasubiri.

Jabez ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mimi Keziah ndiye niliyemfuta makamasi, mimi ndiye niliyempeleka kiwandani siku yake ya kwanza akiwa bado analia kwa baridi. Wote tulikuwa wafumaji. Mama yetu, Tabitha, alifuma mpaka mitambo ikamla masikio yote mawili. Ukiingia kwenye shedi ya kufumia, mitambo mia kadhaa inapiga kwa pamoja, hata ukipiga ukunga hausikiki na aliye ubavuni mwako. Kwa hiyo sisi tunasema kwa midomo. Unaliumba neno kubwa, unalivuta, unaongeza mkono kidogo, na mwenzako wa upande wa pili wa shedi amekupata. Wanawake wawili wanaweza kuichambua ndoa ya wa tatu kutwa nzima na msimamizi kasimama katikati yao asiambulie kitu. Nyumbani pia tuliongea hivyo hivyo kwa sababu ya Mama. Jabez alijua kusema kwa midomo kabla hajajua kusema vizuri kwa sauti.

Miguu yake ndiyo iliyomtoa kiwandani. Alicheza kiungo. Siku hizo waungwana wa kusini walikuwa wakicheza kila mtu na mpira wake, anakimbia nao mpaka anyang'anywe, na wenzake wanamfuata nyuma. Jabez na wafumaji wenzake walikuwa wanapasiana. Walipofika fainali kule London, muungwana mmoja akamuuliza kama watacheza na vile viatu vyao vya mbao. Jabez akamjibu, "Hapana, bwana, vile tumewaachia wazee nyumbani. Hatukutaka kuwaumiza." Wakawafunga, wakarudi na Kombe. Mji wote ulitoka kuwalaki stesheni. Mama alilishika lile Kombe, akaligeuza, akauliza linapikiwa nini.

Baadaye goti likavunjika, na beki aliyelivunja hakuomba hata radhi. Wakurugenzi wa klabu wakamwonea huruma, wakampa cheo cha meneja. Naomba usikie vizuri neno hilo, maana lilikuwa neno tupu. Meneja alikuwa anakata tiketi za treni. Meneja alikuwa anapiga chokaa mistari ya uwanja, anachemsha maji ya kuogea wachezaji, anafukuza kondoo wa kasisi. Timu yenyewe ilichaguliwa na wakurugenzi, kila Alhamisi jioni, ghorofani kwenye baa ya Fahali Mweusi, huku wanakula pai za nyama na kushushia na bia. Mmoja anamtaka mpwa wake, mwingine anamtaka mpangaji wake, wanapiga kura, basi, hiyo ndiyo timu ya Jumamosi. Na Jabez aliyeleta Kombe anasubiri chini aambiwe.

Chumba chao kile kina dirisha linalotazama uwanjani, juu ya ukuta, ng'ambo ya barabara. Ila paa la jukwaa linaziba lile goli la upande wa kanisa, huoni hata mwamba wake. Mji mzima ulikuwa unawacheka. Wakurugenzi wetu, watu walisema, wanaona nusu ya uwanja na robo ya mpira.

Msimu ule walituvurugia mpaka tukawa mkiani. Ikabaki mechi moja, nyumbani, dhidi ya Thornley Vale. Tukishinda tunabaki. Sare haitoshi, tunashuka daraja.

Alhamisi ile mimi na Mama tulikuwa tunatoka kazini, tukapita mbele ya Fahali Mweusi. Dirisha liko wazi, na Bwana Greenhalgh amesimama palepale na glasi yake. Yeye ndiye mwenyekiti, na ndiye mwenye kiwanda tunachofumia. Mtu ana mamia ya wafumaji na hajawahi kujiuliza wanaongeaje. Mama akanifinya mkono, nami nikatazama. Bwana Greenhalgh alikuwa anasema, "Mwacheni Ormerod achague timu mwenyewe. Tukishuka, yeye ndiye ametushusha. Jumatatu tunamleta Kapteni Lathom, mtu wa maana."

Nilifika nyumbani na hasira zangu. Jabez alikuwa mezani anakula viazi, mguu mbovu juu ya kigoda.

"Wamekupa timu," nikamwambia.

"Nimeshaambiwa."

"Umeambiwa na sababu? Wanataka mtu wa kumbebesha lawama. Jumatatu uko nje, anakuja kapteni sijui wa jeshi gani. Mama kamsoma midomo Greenhalgh, na mimi nimemsoma."

Akaendelea kumenya kiazi. "Dada, miaka yote hii nawaomba wanipe timu hata siku moja. Leo wamenipa. Sababu ni yao, timu ni yangu."

"Wanakutoa kafara, we Jabez."

"Ndiyo, lakini kisu wamenipa mimi nishike."

"Na ukishindwa? Kwa goti hilo utasimama mtamboni kutwa? Hata saa moja huwezi."

Hapo ndipo akanitazama. Alijua na mimi nilijua. Mpira ndio kitu pekee alichobaki nacho, na akitolewa kwa aibu hakuna klabu nyingine itakayompa hata kazi ya kupiga chokaa. Mama alikuwa anaitazama midomo yetu, mara yangu, mara yake. Akagonga meza kwa kijiko. "Mwache ale," akasema, kwa ile sauti yake isiyojua ukubwa wake.

Ijumaa timu ikatangazwa pale pale kwa muuza nyama. Watu walitaka kuvunja kioo. Jabez amemtoa Fergus McCrindle, yule mshambuliaji kutoka Uskochi ambaye Bwana Greenhalgh alimtoa mbali na kumtembeza mjini kama farasi wa maonyesho. Amemtoa na mpwa wa mwenye kiwanda cha bia. Badala yao ameweka wafumaji watupu. Kiungo wa kushoto alikuwa Eli Pickup, kijitu kifupi cha shedi yetu, mitambo yake ilikuwa jirani na yangu.

"Keziah, mdogo wako amekunywa nini?" muuza nyama akanipigia kelele mbele ya watu.

"Chai," nikamjibu. "Na mizani yako je, imekunywa nini?"

Watu wakacheka, lakini moyoni sikuwa na kicheko. Jioni nikaenda kuwaangalia mazoezini. Jabez alikuwa amewapiga marufuku kutoa sauti. Atakayeita pasi kwa mdomo wenye sauti anazunguka uwanja mbio. McCrindle alikaa kwenye benchi na bomba lake la tumbaku, anasema tumepata timu ya mabubu. Mimi niliwatazama kidogo tu nikaelewa, nikafunga bakuli langu. Wanaonijua watakuambia hiyo si kawaida yangu.

Jumamosi asubuhi Jabez akashuka ngazi bila masharubu.

Yale masharubu alikuwa ameyafuga tangu fainali ya London. Aliyapaka nta, aliyachana kuliko mimi nilivyochana nywele zangu. Sasa mdomo wa juu mweupe, mtupu, anafanana na kasisi mwanafunzi. Nikaangua kicheko mpaka nikashika ukuta. Mama hakucheka. Alimsogeza dirishani penye mwanga, akamwambia aseme kitu. Jabez akasema kitu bila sauti, na Mama akaitikia kwa kichwa. "Sasa unasomeka," akamwambia.

Viwanda vilifungwa adhuhuri, na mji wote ukateremka uwanjani na viatu vyake vya mbao, mkwaruzo wake kwenye mawe unausikia mtaa wa tatu. Sisi wanawake wa shedi tulipanda kwenye tuta la majivu la upande wa mashariki, mahali petu pa siku zote, mashali kichwani. Thornley Vale walikuja na bendi yao ya matarumbeta, na kelele zikaanza kabla hata mpira haujawekwa kati.

Ujue siku hizo meneja hakuruhusiwa kuwaelekeza wachezaji mechi ikiendelea. Refa, bwana mmoja mrefu kutoka kusini, alimfuata Jabez pembeni ya mstari akamwonya. "Nikisikia sauti yako, unatoka."

"Hutaisikia, bwana," Jabez akamwambia.

Wakatufunga mapema, kwa kona. Matarumbeta yakapigwa mpaka nikatamani kuwa kama Mama. Lakini sasa tazama. Nahodha wao anawafokea wenzake mishipa imemtoka shingoni, na winga wake ameweka mkono sikioni, hasikii lolote. Sisi wetu wanamtazama Jabez. Kasimama kwenye mstari, kofia mkononi, mdomo mtupu, anasema. Eli, geuza upande. Eli akapiga mpira mrefu kulia, hata kuangalia hakuangalia, na kule kulia alikuwepo mtu, kwa sababu na yeye ameshaambiwa. Walmsley, mshambuliaji wetu, akamalizia. Ikawa sare, bao moja kwa moja. Walicheza vile mpaka mapumziko, na wale wa Vale walikuwa wanageuka geuka wasijue wanachezeshwa na nani.

Ila kuna mkurugenzi wao mmoja aliyekuwa na akili kuliko wetu. Wakati wa mapumziko alimnong'oneza refa, na refa akaja.

"Uliniahidi sitakusikia," refa akasema.

"Umenisikia?"

"Sijakusikia. Lakini unasema."

Jabez akaitikia kwa kichwa. Hakuwahi kuwa mwongo. Refa akamwonyesha lango, si la jukwaani, lile la kutoka nje kabisa. Mlinzi akamshika mkono kama mlevi. Alipita mbele ya wakurugenzi akichechemea, na Bwana Greenhalgh alichomoa saa yake mfukoni akaitazama. Mimi nilimwona. Sikuwahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule mzee dakika ile, na Jumatatu ningepaswa kusimama kwenye mitambo yake.

Kipindi cha pili kikaanza, vijana wetu wamepotea. Eli anatazama pale mstarini, pako wazi, anatazama tena. Vale wakapiga mwamba. Kipa wetu akadaka mmoja kwa uso. Wanawake walionizunguka wakaanza kulia, nami nilikuwa nawaza jinsi nitakavyomkuta Jabez jikoni, na nitamwambia nini.

Mama yeye hakuwa anasikia matarumbeta wala kilio. Macho yake yalikuwa yanatembea tu. Akanivuta shali. "Juu kule," akasema.

Fahali Mweusi. Dirisha la wakurugenzi limepandishwa mpaka juu, na mdogo wangu amejitokeza nusu mwili nje. Wachezaji chini kwenye majani hawakuweza kumwona, ukuta ule ni mrefu. Sisi wa juu ya tuta tulimwona vizuri. Alikuwa ameshaanza kusema zamani, anamsubiri tu mtu wa kumsoma.

Winga wao wa kulia amechoka. Eli asirudi nyuma tena. Apande.

Sikufikiri mara mbili. Nikamwambia Nan Holroyd wa shedi yetu, Nan akawaambia waliokuwa mbele yake, na kabla mpira uliotoka nje haujarushwa, tuta zima lilikuwa limejua. Eli akainua uso. Akaona mamia ya wanawake waliovaa mashali, vinywa vyote vinatamka neno moja kwa pamoja, bila sauti hata kidogo. Eli, panda.

Akapanda. Nilisikia mwili wote unasisimka, na nikisimulia mpaka leo unasisimka. Kila alichosema Jabez kule dirishani, sisi tulikigeuza na kukishusha uwanjani. Mama alikuwa wa kwanza kukisoma, halafu mimi, halafu wote. Yule nahodha wao aendelee kupasuka mapafu. Refa alituona. Alisimama akatukodolea macho, akamwita msaidizi wake, wakatukodolea wote wawili. Sasa atafanya nini, atatoa tuta zima? Kelele hatupigi, bendi hatuna, tumekaa kimya kuliko watu kanisani. Nan Holroyd alimwambia kwa midomo jambo moja kuhusu mama yake ambalo siwezi kulirudia mbele ya utumbo wa watu, na ilikuwa heri kwamba yeye ni mtu wa kusini.

Dakika zikawa zinayoyoma. Tulikuwa tunashambulia upande wa kanisa. Jabez akasema: Mpira kwa Eli. Eli asipige. Asubiri beki aje.

Tukamwambia. Eli akaupata mpira, akaukanyaga, akatulia. Uwanja wote unamzomea apige, hata wakurugenzi wamesimama wanapiga fimbo zao chini. Eli akatutazama sisi. Subiri, tukamwambia. Beki akamjia mbio. Subiri. Alipobaki hatua moja, Eli akausukuma tu pembeni, na Walmsley alikuwa peke yake, mbele yake kipa. Akaupiga chini, ukaingia.

Siwezi kukueleza zile kelele. Majivu ya tuta yalitimka mpaka hatuonani. Wanaume wazima walikuwa wanabusiana. Mimi nikageuka dirishani, nilitaka mdogo wangu auone uso wangu.

Alikuwa hashangilii. Amesimama ameshika fremu ya dirisha kwa mikono miwili, shingo ameinyoosha. Midomo yake ilikuwa inasema, "Nini? Dada, nini kimetokea?"

Ndipo nikakumbuka lile paa. Goli la upande wa kanisa hakuliona. Alikuwa hajaliona kipindi chote. Alikuwa anaisukuma timu yake kwenda mahali ambapo yeye haoni, anasoma migongo ya viungo wake tu, na yaliyobaki anayajua kichwani. Kelele alizisikia, lakini nani anajua kelele ni za nani, na ile bendi ya Vale nayo kwa kuchanganyikiwa ilikuwa inapiga.

Nikafungua mdomo nimwambie. Haukutii. Mimi Keziah, mwenye mdomo unaojulikana mji mzima, midomo ilikuwa inatetemeka kwa kilio, haikuweza kuumba hata neno moja, na yeye kule anazidi kuuliza, "Dada? Dada?"

Mama akanisukuma kwa kiwiko. Akapanda juu ya kapu lake la chakula, akashika bega langu. Mwanamke yule hajawahi kusikia watu wakilishangilia jina la mwanawe, si London, si popote. Akaliumba neno kubwa, polepole, kama alivyotufundisha.

"Tumefunga, mwanangu. Ni sisi."

Jabez akamtazama. Halafu akatoweka dirishani, nikajua goti limemwachia. Tuliona mkono wake tu, umeng'ang'ania kizingiti, na haukuachia mpaka kipenga cha mwisho.

Tukabaki kwenye daraja letu. Wakurugenzi walipopanda chumbani kwao kujipongeza walimkuta kwenye kiti cha mwenyekiti, mguu mbovu juu ya meza, kati ya sahani za pai. Dirisha lilikuwa bado wazi, nasi tulikuwa chini barabarani, shedi nzima, tunasoma. Bwana Greenhalgh alianza kusema jambo kuhusu siku njema kwa klabu. Jabez akamwacha amalize.

"Alhamisi msijisumbue kuja, mabwana," akasema. "Timu nitaichagua mwenyewe."

Bwana Greenhalgh akafungua mdomo, akatazama chini barabarani, akatuona tulivyomkazia macho midomoni. Akaufunga. Hawakuchagua timu tena maisha yao yote, na huyo Kapteni Lathom sijawahi kumwona hata sura. Makombe yaliyofuata unayajua mwenyewe, yako kwenye kabati pale klabuni, nenda ukayahesabu.

Jioni ile Mama alimshika Jabez kidevu, akapitisha kidole juu ya mdomo wake mtupu. Akamwambia sasa anaweza kuyafuga tena masharubu yake. Jabez akamjibu, polepole ili asomeke, "Nitayafuga siku utakapoacha kuja uwanjani, Mama."

Mama hakuacha. Alikuja kila Jumamosi, akasimama pale pale kwenye tuta, mpaka mwaka aliokufa. Tulimzika Ijumaa. Jumamosi tulikuwa na mechi, na asubuhi nikamsikia Jabez jikoni ananoa wembe kwenye mkanda.

Yule bwana wa kofia mpya alikuwa ameivua, ameishika kifuani. Nikachukua kapu langu, nikamwambia muuza nyama anipimie utumbo, na asiweke kidole kwenye mizani.